Goti la Bibi na Nchi Mbili

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati, upande wa Gehandu, huku Tanzania, karibu na bibi aliyevimba goti. Binti yake, aliyeolewa Nairobi, alikuwa amekuja kumchukua wakaishi wote Kenya.

"Kule maji yako ndani ya nyumba, mama," alimwambia.

"Na maziwa?"

"Tunanunua ya pakiti."

Bibi alijifunika mdomo kwa khanga, akacheka. Mzee mmoja mfugaji, aliyekaa mbele yetu, akagonga fimbo chini. "Maziwa ya dukani! Hapa una ng'ombe wako, una shamba, una amani. Usiende, mama."

"Hata kule watu wanaishi, baba," binti alimjibu kwa upole.

Nesi akatoka, akalipapasa lile goti. "Bibi, hili linataka daktari wa mifupa. Hapa hatuna. Itabidi uende Arusha."

Bibi akaitazama barabara. Kisha akamgeukia binti yake. "Huko kwako, daktari wa mifupa yuko mbali?"

"Ni jirani na nyumba yetu, mama."

"Basi twende. Ng'ombe watakamuliwa na wifi yako."

Nilikuwa na maoni mengi kuhusu nchi hizi mbili, ya kutosha kujaza safu hii. Niliyameza. Maana bibi alipokuwa akiondoka, ameegemea bega la binti yake, yule mzee aliinuka kwa shida, akashika kiuno, akamuuliza binti kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, huyo daktari anapokea na Watanzania?"