Kigoga Kilichotandikwa Chini ya Hori

Irma Barrientos ni binti wa mkata manyoya ya kondoo wa Punta Arenas, kusini mwa Chile. Kila kiangazi huvuka bahari kuja kituoni kwetu, Antaktika, kulinda vigoga, vile vimea vya kijani visivyofika urefu wa ukucha. Watu humcheka. Huwasimamisha maprofesa mlangoni na kuwasugua nyayo za viatu kwa brashi, kwa kuwa chembe ya kigoga cha Chile ikidondoka hapa, ukoo mgeni umeingia bondeni.

"Hata askofu atavua viatu," husema.

Mimi ni msaidizi wake wa maabara. Vigoga vya bonde letu karibu vyote ni pacha: kipande humeguka, upepo hukibeba, kinaota kilekile hadi kwenye vinasaba. Ugonjwa mmoja ukija, huwaua pacha wote. Kuzaa kwa mbegu za unga, dume na jike wakichanganyika, ni nadra. Basi mwaka ule, tuta moja la kigoga nyuma ya jabali lilipochomoza vijikasha vya mbegu, Irma alipiga magoti. Vingepevuka, unga wake ungepeperuka, na bonde lingepata watoto wasiofanana na mama zao.

Mkesha wa Krismasi tuliingia ukumbini. Mpishi Baudilio, mtu wa kisiwa cha Chiloé huko Chile, alikuwa ametengeneza pango la Noeli kama la kwao, ambako pango bila kigoga si pango. Mariamu, Yosefu na ng'ombe wa udongo walisimama juu ya kijani kibichi. Vijikasha vilichungulia kando ya hori.

"Umekitoa wapi?" Irma aliuliza.

"Nyuma ya jabali, dada. Kile kinono. Na viatu nilivua, usinitolee macho!"

"Viatu ulivua! Na hiyo mikono je, uliiacha jikoni?"

"Majani tu hayo, dada. Kitaota."

"Mtoto Yesu alilalia nyasi kavu, mpumbavu wewe! Hakulalia wenye mimba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile sijakisamehe. Mkuu wa kituo akasema, huku akitafuna zabibu kavu, "Irma, mwache mzee wa watu. Kaa ule mkate."

Irma hakukaa. Alimtoa Yosefu, akamtoa Mariamu, akamkabidhi mpishi ng'ombe wake mkononi. Kigoga tukakibeba kwenye sinia ya kuokea hadi bondeni, upepo ukitupiga makofi. Alikirudisha mahali pake, akakishindilia kwa viganja, akilia kwa hasira na kutukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, kigoga kilikuwa hai. Vijikasha vilikuwa vimenyauka kabla ya kupevuka. Nilivipasua chini ya hadubini, vitupu. Baudilio alikuja kuangalia, akachangamka.

"Si nilikwambia kitaota, dada?"

Irma hakumtazama.

"Kimeota," alisema. "Kilekile."