Kidude Nilichopewa Bure

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la pili, kule Usevya, baba alipofariki. Shida ilianza wiki hiyo hiyo. Baba mdogo alikuja na baiskeli yake, akakaa na mama, akamwambia, "Hawa mbuzi nitakusaidia kuwatunza. Wewe una watoto wadogo." Mbuzi walikuwa kumi na wanne. Mimi ndiye niliyefungua zizi wakatoka. Hatukuona hata mkia wa mmoja wao tena. Mwezi uliofuata niliacha shule, nikaenda kulima kwa watu.

Nasema hili mapema ili msinishangae huko mbele. Mtu akitamka "nitakusaidia" mbele yangu, naanza kuhesabu vitu vyangu.

Nimelima mpunga wa watu, nikalima wangu, nikauza, nikanunua kiwanja Misunkumilo, nikajenga. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipofika miaka sitini na kitu magoti yakakataa shamba. Mke wangu alikuwa na kuku wazuri, chotara wenye vifua vipana, na majirani walikuwa wanamsumbua kutaka vifaranga. Basi nikachukua kabati la zamani, nikalipigilia magunia ndani, nikaweka taa nne na feni niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Mashine ya kutotoleshea mayai hiyo, nimeitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyenichorea.

Kilichonishinda ni joto. Yai linataka digrii thelathini na saba na nusu, siku ishirini na moja. Likizidi, kifaranga anaiva. Likipungua, anafia ndani. Mimi na mke wangu tulikuwa tunashinda mbele ya kabati, mmoja anasoma kipimajoto, mwingine anazima na kuwasha swichi. Mzao wa kwanza tulipata vifaranga tisa.

Upande wa Kawajense kuna fundi wa simu na kompyuta, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, ana kibanda chake. Yeye ndiye aliyeniambia kuna kompyuta ndogo, yote iko kwenye kibao kimoja kama pakiti ya sigara, na hiyo inaweza kukaa zamu badala yetu. Ilipofika siku ya kuifunga alikuja nyumbani. Akauliza maswali mengi. Magunia ni tabaka ngapi? Feni inavuta au inasukuma? Akapiga picha kabati. Nikaanza kumwangalia mikono.

Alipokaribia kumaliza, akatoa mfukoni kidude kingine, upana wa kidole gumba, kina betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Akakichomeka kwenye kikompyuta.

"Hiki nimekuongezea, baba," akasema. "Hukilipii. Kitakusaidia."

"Kitanisaidia nini?"

"Umeme ukikatika."

Simu yake ikaita, akapokea, na maelezo yakaishia hapo.

Sasa nyie mnisaidie kufikiri. Betri ndogo kama kifungo cha shati, iwashe taa nne umeme ukikatika? Mimi sikusoma lakini si mjinga. Tena bure. Mtu anapiga picha kabati langu, anauliza feni inavuta au inasukuma, halafu ananiachia kidude cha bure ndani ya nyumba. Nikajua kabisa: hicho kinamtumia habari. Kesho kutwa nitasikia kuna mtu Kawajense ana kabati kama langu.

Hakufika hata barabarani. Nilifungua kifuniko cha kikompyuta kwa kisu cha mezani, nikang'oa kile kidude, nikakitia kwenye kopo ninaloweka misumari, nikarudisha kifuniko. Mashine ikaendelea kufanya kazi vilevile, taa zikiwaka na kuzimika zenyewe. Kwangu huo ukawa ushahidi. Kama kingekuwa cha kazi, si mashine ingesimama?

Tukapanga mayai mia na themanini, yote ya kuku wa mke wangu. Kila yai niliandika tarehe lilipotagwa, kwa penseli. Hilo ndilo nililotoka nalo shule. Mwalimu wetu alikuwa hafundishi kitu mpaka kila mtoto aandike tarehe ya siku, na mimi tangu hapo naandika tarehe kwenye kila kitu, mpaka kwenye gunia la pumba.

Siku ya kumi na sita umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu mpaka redio ikalia. Taa za kabati hazikuwaka. Tukarudi kwenye swichi, mimi na mke wangu, tukipokezana. Kesho yake asubuhi mke wangu alifunga dirisha kwa kanga, akamulika yai moja kwa tochi.

"Anatikisika," akasema. "Lakini joto limefika arobaini wakati wewe unakunywa chai. Hawa hawatamaliza siku nne kwa staili hii."

"Nitamwita yule fundi."

"Mwite sasa, siyo ukimaliza kumchunguza."

Fundi alikuja saa nne. Akasema memori kadi ya kikompyuta imekufa kwa ule umeme, ndimo programu zilimokuwa. Ameleta kadi mpya, ameiwekea mipangilio ile ile ya mwanzo, bado kupakua zile programu za kusoma joto na kuwasha taa. Kazi ya dakika ishirini. Akaomba televisheni yetu, akaunganisha, akarusha mtandao kutoka kwenye simu yake, akaanza kuandika.

Mistari ikapanda, halafu ikaja myekundu. Akaandika tena. Myekundu.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema haiamini kule inakopakua programu."

"Haiamini?"

"Eeh. Inasema cheti cha huko hakiaminiki, kwa hiyo haipokei kitu."

Nilimwambia mke wangu kwamba humu ndani hatimaye kuna mmoja mwenye akili. Mke wangu, mkono kwenye swichi, akasema, "Mwenye akili wako ndiye anaua kuku wangu."

Fundi akadhani ni mtandao. Akabadilisha laini. Myekundu. Akachukua simu ya mke wangu, akanunua bando kwenye laini nyingine, akasubiri tena. Myekundu. Akaelekeza kikompyuta kikachukue programu mahali pengine, nchi nyingine huko. Yale yale. Dakika ishirini zilikuwa zimekuwa saa mbili. Mke wangu alikuwa anataja digrii kwa sauti kila baada ya muda: thelathini na nane, thelathini na sita na nusu, thelathini na tisa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya fundi, naangalia mikono. Nilikuwa na wazo moja tu. Huyu anajua nimeng'oa kidude chake. Habari zimekatika, sasa ananikomoa, anajifanya inamshinda mpaka nimwombe.

"Fundi," nikasema, "mbona siku ile iliingia mara moja?"

"Hata mimi nashangaa, mzee wangu."

"Unashangaa au unajua?"

Akageuka, akaniangalia. "Kama unajua tatizo liko wapi, niambie. Mimi nimeacha kibanda kimefungwa."

Nikageuza macho kwenye televisheni, ili nisimwangalie yeye. Kiingereza sijui, lakini namba najua. Juu kule pembeni paliandikwa siku, mwezi na mwaka. Nikasoma mara mbili. Nikainuka, nikafungua kabati, nikatoa yai moja, nikalisogeza karibu na kioo. Kwenye yai: mwezi uliopita, mwaka huu. Kwenye televisheni: mwezi wa saba, mwaka jana.

"Fundi, kompyuta yako inasema leo ni mwaka jana. Hili yai halijatagwa. Hata mama yake hajaanguliwa."

Fundi akaangalia juu pembeni. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tangu saa nne naangalia chini tu kwenye mistari," akasema. Kisha akanieleza taratibu. Kila mahali pa kupakua programu pana cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza. Kompyuta inadhani ni mwaka jana, ikionyeshwa cheti cha mwaka huu inaona hakijaanza, inadhani inaletewa cha kughushi. Kikompyuta kidogo namna hii hakina saa ya kwake. Umeme ukikatika kinapoteza hesabu ya siku.

"Lakini chako hakiwezi kuipoteza," akasema. "Mtandao wa huku unakuja na kuondoka, ndiyo maana nilikuwekea saa yenye betri, nikakiambia tarehe kiulize hapo tu. Betri ile inakaa miaka."

Nikarudisha yai kabatini, nikakumbuka kopo la misumari.

Aliandika tarehe ya leo kwa mkono, akaamuru tena. Mistari ikapanda myeupe, mingi, bila kusimama. Ningeweza kunyamaza. Mashine inapona, fundi anaondoka, kopo linabaki na siri yake. Lakini fundi akavuta kikompyuta, akasema, "Ngoja niione hiyo saa, umeme ukikatika tena tutarudi hapa hapa." Akafungua kifuniko.

"Haipo."

Akamwangalia mke wangu, kwa sababu mke wangu ndiye anayefagia chumba hicho. "Mama, labda wakati wa usafi?"

"Mimi?" mke wangu akasema. "Mimi hicho kiboksi sijawahi kukigusa. Mwenyewe alinikataza."

Kisha akajiangalia mikono, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Alikuwa anajishuku. Kuku wake, mayai yake, siku mbili hajakaa chini, na sasa anatafuta kosa kwenye mikono yake mwenyewe. Nilimwona mama yangu amekaa hivyo, wiki kadhaa baada ya mbuzi kwenda, akijiuliza alikosea wapi.

Nikaenda kuchukua kopo. Nikamwaga misumari mezani. Kidude kikatoka mwishoni.

"Nilikitoa mimi," nikasema. "Siku ile ile."

"Kwa nini, baba?"

"Ulinipa bure."

Fundi akakiokota kati ya misumari. "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungenijibu unavyotaka wewe."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea kabati. "Fundi, huyu anahesabu vijiko mgeni akiondoka. Harusi ya binti yetu alihesabu viti mara tatu, na viti vyenyewe vya kukodi."

Fundi alirudisha saa mahali pake, akamaliza kazi. Taa zikaanza kuwaka na kuzimika zenyewe, mke wangu akaondoa mkono kwenye swichi na kunyoosha vidole kimoja kimoja. Nikamuuliza fundi zile picha za kabati alipiga za nini. Akanionyesha kwenye simu: alikuwa anapima nafasi ya kupitisha waya. Nimezikubali. Bado sielewi kwa nini zilikuwa sita.

Alipokuwa anaondoka nilimfungia tetea mmoja mkubwa. Akamgeuza, akamwangalia macho, akamwangalia miguu.

"Huyu ana kasoro gani, mzee?"

"Hana."

"Mbona unanipa?"

Nilimjibu achukue aende, kuku haliwi kwa maswali.

Vifaranga walitoka mia na kumi na wawili. Waliobaki walifia ndani, wengi wao siku zile za swichi. Mke wangu aliniagiza nikawazike mwenyewe nyuma ya banda, nami nikaenda bila kubisha.

Leo hii nina nyumba ya tofali ya vyumba vinne Misunkumilo. Nina ekari tatu Usevya, nimekodisha. Baiskeli mbili, moja nzima. Kabati la kutotoleshea. Kikompyuta kimoja chenye kifuniko, na ndani yake saa ya betri. Kopo la misumari. Televisheni. Mbuzi kumi na wanne, nawahesabu asubuhi na jioni. Kuku ni wa mke wangu.