Gari lililorudi mara ya tatu

Saa mbili na nusu asubuhi, Dada Mashine anavuka barabara bila kungoja magari yasimame. Begani ana mkoba mweusi wa kompyuta, ila ndani yake hamna kompyuta. Mna mashine ya kupimia injini yenye ukubwa wa kitabu cha hesabu, waya uliofungwa kwa raba, kitambaa cha kufutia mikono, na ile chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi.

"Twende, twende," anamhimiza mwandishi wa makala haya, ambaye ameshamfuata gereji mbili na viatu vimeanza kumgomea. "Hii ya tatu sikai. Dakika tano tu."

Hiyo ndiyo kazi yake. Hana gereji, wala hafungui nati. Anatembea gereji hadi gereji, anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma namba za hitilafu ambazo gari limejiwekea kwenye kumbukumbu, anaziandika kwenye kikaratasi, analipwa, anaondoka. Siku nzuri hupima magari manane. Siku mbaya hupima mawili, na siku hiyo hurudi nyumbani kwa miguu. Amepiga hesabu mwenyewe: kilomita kumi na mbili kwa siku, jozi tatu za viatu kwa mwaka.

Ana miaka thelathini na sita. Tisa kati ya hiyo aliimaliza akiwa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri.

"Nilikuwa naona fundi anakuja kununua sensa, kile kifaa kinachoipa injini taarifa, kwa kubahatisha," anasema huku akiruka mtaro. "Kesho anarudi kununua nyingine. Nikajiuliza, hawa kwa nini wasipime kwanza?"

Aliuza cherehani yake akanunua mashine iliyokwishatumika. Mama yake hakumsemesha siku mbili. "Siku ya tatu akaniuliza, 'Na hiyo inashona?'"

Mama huyo, tuliyemkuta asubuhi akimimina chai ambayo binti yake aliinywa amesimama, mguu mmoja nje ya mlango, anasema haraka hiyo ni ya kuzaliwa nayo. "Huyu alitoka mkunga bado anavaa glavu," anasema. "Mpaka leo sijamwona akikaa."

Gereji ya tatu ni ya fundi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, anayeitwa Dokta kwa sababu ya koti lake jeupe. Weupe wenyewe siku hizi ni wa kusimuliwa. Dada Mashine anafika getini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anasimama.

Uwanjani lipo gari kubwa la juu, la watu saba, la kijani, lenye umri wa miaka kumi na tisa. Boneti iko wazi.

"Hili tena?" anauliza.

"Hilo tena," anajibu Dokta.

Ni mara ya tatu. Mara ya kwanza mashine ilitoa namba mbili: moja ikisema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, nyingine ikisema inaruka mapigo. Dada Mashine aliziandika, na chini yake, kama kawaida yake, akaandika kifaa anachokishuku: sensa ya kwenye bomba la moshi. Dokta akaibadilisha. Taa ya injini ikazimika siku nne, ikawaka. Mara ya pili zikatoka namba zilezile, naye akaandika sensa ya hewa. Ikabadilishwa. Taa ikalala wiki nzima, ikaamka.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba umesimama magotini. Mumewe amefanyiwa upasuaji na kesho anatoka hospitali, mguu ukiwa kwenye plasta kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Viti vya nyuma vya gari hili hulala vikawa kitanda.

"Gari dogo halimfai. Itabidi mguu uje na gari la pili," anasema Mwalimu, na hacheki. Kuna mtu anayenunua magari mabovu ili ayakatekate auze vipande. Ameshapita kwake mara mbili. "Jioni nampa jibu. Kama halijapona, alichukue. Nimechoka kuzimikiwa kwenye taa za barabarani, watu wananipigia honi kama nimefanya makusudi."

Dada Mashine anachomeka waya. Namba ni zilezile. Dokta anawasha injini, na gari linaanza kutetemeka papo hapo liliposimama. Kioo cha pembeni kinacheza. Kofia ya Dokta, iliyowekwa juu ya betri, inasogea kidogo kidogo mpaka inaanguka chini.

"Tuandikie basi, dada," anasema Dokta. "Safari hii nini, koili ya kuwashia plagi?"

Dada Mashine ameshika kalamu, lakini haandiki. Simu yake inaita, gereji nyingine inamtaka. Anaikata.

"Mkono uligoma," atamwambia mwandishi baadaye. "Nilimwona Mwalimu pale kwenye tairi nikaona aibu. Vitu viwili amenunua kwa mwandiko wangu. Mimi huwa naandika naondoka. Kama gari limepona au halikupona, sijui, nimeshafika kwingine."

Anaingia kwenye kiti cha dereva, anakaa. Dokta anamtazama mwandishi kana kwamba anatafuta shahidi.

Sasa haangalii namba za hitilafu. Amefungua ukurasa mwingine, wenye tarakimu zinazopanda na kushuka injini ikiwa inafanya kazi. Kisigino chake kinapiga sakafu ya gari bila kupumzika. Zinapita dakika tano, kisha kumi. Simu inaita mara tatu.

Tarakimu moja inaonyesha mafuta ambayo injini inajiongezea ili kufidia hewa iliyozidi: asilimia ishirini na nane. Anakanyaga mafuta, inashuka hadi sita. Anaachia, inarudi ishirini na nane.

"Sensa ikifa inadanganya muda wote," anasema polepole. "Hii inaharibika nikiachia mafuta tu. Sensa ni nzima, kaka Dokta. Kuna hewa inaingia kwa kuiba."

Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini, "Ukurasa huu ulikuwepo siku zote. Ila unataka ukae."

Anashuka, anachukua ile chupa ya pasi na kunyunyiza maji kwenye mipira ya hewa anayoifikia. Mahali penye ufa maji yangefyonzwa na mngurumo ungebadilika. Haubadiliki. Ananyunyiza tena, anazunguka gari, anarudi. Nusu saa imekwisha. Dokta ana wateja wengine na ameanza kuhema kwa makusudi.

Dada Mashine anafuta mikono, anakwenda kwenye tairi, anachuchumaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniona?"

Swali linamchoma, inaonekana. "Samahani, Mwalimu. Gari likianza kutetemeka sana unakuwa unafanya nini?"

"Nimesimama kwenye taa."

"Na ukisimama kwenye taa unafanya nini?"

"Nimekanyaga breki, mwanangu, nikanyage nini kingine? Na breki yenyewe imekuwa ngumu, nakanyaga tofali. Nilisema siku ya kwanza."

"Ulimwambia nani?"

"Huyu kijana." Kijana ni Dokta, mwenye miaka hamsini na mmoja. "Akaniambia mashine haijataja breki."

Dokta anajitia kutafuta spana mfukoni. Dada Mashine ameshanyanyuka, anakimbia.

"Panda, kanyaga breki!"

Dokta anakanyaga. Ishirini na nane inakuwa thelathini na tano, na gari linatetemeka kama lina homa. Nyuma kabisa ya injini upo mpira mnene kiasi cha kidole gumba. Unatoka kwenye injini kwenda kwenye kifaa kinachousaidia mguu wa dereva kusukuma breki. Dada Mashine, ambaye kwa makubaliano ya gereji zote haruhusiwi kugusa kitu, anachukua koleo la Dokta, anaufunika mpira kwa kitambaa na kuubana karibu na injini.

Injini inatulia. Kioo cha pembeni kinatulia. Dokta anashuka, anaokota kofia yake, anaiweka tena juu ya betri, na yeye, Dada Mashine na mwandishi wanaitazama. Haisogei. Kwenye mashine imebaki asilimia tano.

Ufa wenyewe, ulipopatikana, ulikuwa chini ya mpira, mahali jicho halifiki, mrefu kiasi cha ukucha. Mpira mpya ulikuwa na bei ndogo kuliko nauli zote alizotumia Mwalimu kufuatilia gari lake.

"Tumwambie limepona, yaishe," ananong'ona Dokta.

Dada Mashine haafiki. Anakwenda kusimama mbele ya Mwalimu, mikono nyuma.

"Mwalimu, vile vitu viwili nilivyoandika vilikuwa vizima tangu mwanzo. Nilikosea mimi. Na breki ulisema, hatukukusikiliza."

Mwalimu anauweka sawa mkoba magotini. "Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na miwili," anasema. "Aliyefuta jibu lake mwenyewe nilikuwa nampa nusu alama. Nusu nyingine tutaona kesho, nikishuka ule mteremko wa hospitali."

"Na mimi, Mwalimu?" anauliza Dokta.

"Wewe rudia darasa."

Siku ya pili Dada Mashine hafai kwa lolote. Anapima gari moja, anaangalia simu. Anapima la pili, anaangalia simu. Anasema usiku alikuwa akiuona mteremko ule kila alipofumba macho, japo mpira ulifungwa vizuri na breki zikajaribiwa mara sita.

"Niliogopa," anasema wazi. "Breki zilikuwa zinaondoka, mimi nauza namba."

Saa saba na dakika ishirini mchana simu inalia. Ni ujumbe: Tumefika nyumbani. Mzee alilala nyuma njia nzima anaimba. Breki laini. Nusu yako nimeijaza.

Anausoma mara mbili. Machozi yanamtoka, na hageuki kujificha.

Sasa anatafuta chumba cha kupanga. Ameona kimoja karibu na mziba pancha, chenye mlango mmoja na nafasi ya kuegesha gari moja mbele. Kwa anachoweka akiba, anakisia miezi kumi na moja. Anataka viti viwili tu. "Kimoja cha mwenye gari, kingine changu," anasema. "Hicho changu ndicho kazi."

Vikaratasi vipya vimeshachapwa, hamsini. Nafasi ya namba za hitilafu imeshushwa chini. Juu kabisa pameandikwa: Dereva anasemaje? Kisha mistari mitano mitupu.

Simu inaita. Ni fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, kuna gari limewasha taa, linatetemeka, aje upesi. Mkoba umeshapanda begani na miguu imeshaanza kwenda.

"Nakuja, fundi. Namba baadaye. Mwenye gari yupo hapo? Mpe simu."

Amefika ukingoni mwa barabara. Magari yamepungua, njia ni nyeupe, lakini havuki. Amesimama, kalamu mkononi, kikaratasi kimeegemezwa kwenye mkoba.

"Nakusikiliza, mama," anasema. "Anza mwanzo."