Wasemaji wa Mahari Hospitalini

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, hospitali ilinizuia. Sikuwa mgonjwa tena na mtoto alinyonya vizuri, lakini bili haikuwa imelipwa, na mama asiyelipa hatoki getini. Nilikaa pale, mara kitandani mara kwenye benchi, nikitazama wageni wa wenzangu wakija na kuondoka, hadi mume wangu alipouza pikipiki aliyokuwa akibebea abiria. Aibu ile iliniuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoanza kuonekana, na redio ikatangaza kwamba kuzaa sasa ni bure, sikushangilia. Niliogopa kuzuiwa tena.

Wazee wawili wa nyumbani walipata la kubishania. Baba mkwe wangu alifanya kazi maisha yake yote katika kampuni ya shaba, enzi zile kampuni ilipomtibu mfanyakazi, mkewe na watoto wake. Mjomba wangu anauza vitenge sokoni Manika, na hakuna kampuni iliyowahi kumpa hata kidonge. Kila Jumapili baada ya misa walikaa uani kwetu Dilala, sahani ya bukari, ugali wetu, katikati, wakaanza.

"Bakukate kidogo ku mushahara, siku ya ugonjwa bakutunze," baba mkwe alisema. "Dawa ya bule itatoka wapi?"

"Na mi mwenye sina mushahara, nikufe?" mjomba alijibu. "Serikali inakamata kodi yangu ku soko kila siku. Itunze batu yote."

"Serikali ile? Hata barabara ya hapa inaishinda."

Ninawapenda, lakini kuna Jumapili nilitamani kuwamwagia maji. Wao walizungumza habari za nchi, na mimi nilikuwa nawaza kile kitanda nilichozuiliwa.

Kwetu jambo zito halipelekwi na mtu mmoja. Linapelekwa na wasemaji, kama mahari. Mahari yangu walipatana hawa hawa wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na walitoana jasho. Nilipojifungua salama mtoto wa pili, walikuja kunitoa wakiwa upande mmoja. Baba mkwe alivaa koti. Mjomba alishika kuku aliyefungwa miguu na bahasha ya michango ya ukoo.

Baba mkwe alisimama dirishani pa malipo, akakohoa, akaanza na salamu za mababu zetu. Mkunga aliyekuwa zamu pale alimsikiliza kwa adabu hadi uvumilivu ukamwishia.

"Tata, kuzaa ni ya bule. Hakuna kitu ya kulipa. Mwende, kitanda inangojewa."

Mzee alifungua vifungo vya koti. Hotuba ile alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, nilimsikia. Nikamgeukia mjomba.

"Serikali yako njo hii. Sasa bahasha ni ya nini?"

Akaificha bahasha mgongoni. Naye hakuwa ameamini.

Nilicheka hadi machozi. Kisha mwanamke aliyekaa kwenye benchi pembeni, mtoto wa miaka michache mapajani, akaniuliza polepole, "Weye banakuachilia?"

Mwanawe alikuwa amepona malaria, lakini ubure ule unaishia kwenye kuzaa. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa anaumwa kwa fedha za wazazi wake. Alikuwa amezuiwa. Benchi lile nalijua, na kicheko kiliniishia.

"Tata," nilimwambia baba mkwe, "maneno yako iko bado?"

Alimtazama yule mwanamke, akafunga vifungo vya koti, akarudi dirishani.

"Mama, tumekuja juu ya mutoto wetu."

"Si nimesema mwende?"

"Ule, hapana. Huyu," alisema, akimwonyesha mtoto wa benchini.

Mjomba akaja kusimama naye bila kuitwa. Kwa mara ya kwanza niliwasikia wakipokezana maneno, mmoja akichoka mwingine anaendelea, kama watu waliozaliwa tumbo moja. Walibembeleza, wakatania, wakalalamika. Bahasha ikaingia dirishani, kuku naye akaenda na bahasha, na kilichopungua mkubwa wa hospitali alikisamehe.

Tulitoka getini pamoja, mimi na mwanangu, yule mama na wake. Nyuma yetu wazee walikuwa wameshaanza.

"Unaona? Ni michango njo imemutoa mule."

"Ni juu serikali haijafika kwake. Ingefika, kuku yangu ingebakia."

Siku hiyo sikutaka wanyamaze.