Gari la Baba Lilipopanda Pugu

Nyinyi wenzangu mliocheza rede na kombolela Kariakoo wakati barabara zake bado ni mchanga mtupu, nyinyi mtanielewa bila kuelezwa sana. Wengine wasome tu, wakichoka waache. Nimekasirika, na nataka kuandika kabla hasira hazijapoa.

Mjukuu wangu Feisal amekata ekzosi, bomba la moshi la gari lake. Gari lenyewe la dizeli, la zamani, kalinunua kwa mtu Upanga, kalipeleka kwa fundi, wametoa bomba lililokuja nalo wakaweka jingine nene kama paja. Anasema sasa lina nguvu zaidi. Nguvu za kwenda wapi, sijui. Kutoka hapa kwetu Mchafukoge mpaka Feri ni tambarare, na foleni yake unaweza kuteremka, ukanunua samaki, ukakaangiwa, ukarudi ukalikuta gari palepale. Lakini akiliwasha tu, vikombe vyangu vinagongana kabatini. Nikamuuliza, "Feisal, linanguruma hivyo linapanda mlima gani?" Akacheka. "Bibi, hayo mambo ya mafundi, wewe huwezi kuyaelewa."

Nilikwenda kukaa kitandani. Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa na miaka kumi na moja, miaka ya hamsini, akiambiwa mama yangu, na ndiyo yaliyonitoa shuleni.

Nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na jiko, na mbele baraza refu ambalo wazee walilikalia mpaka likang'aa kwa makalio yao. Mama yangu, Bi Tatu binti Kombo, alikuwa akikaanga bagia na mihogo uani, na mtaa mzima ulijua saa kumi imefika kwa harufu ya kile kitunguu saumu. Tukirudi shule tunamkuta ameshatuwekea, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bado zinachoma vidole. Tunakula tumesimama, maana kombolela inasubiri. Darasani tulikuwa wasichana tisa. Naweza kuwataja wote kwa majina na majina ya mama zao, lakini hapa si mahali pake. Niseme tu kwamba katika hao tisa, kwa hesabu nilikuwa wa kwanza, na Mwalimu Ndeshi, dada wa Kichaga aliyetoka huko Moshi, alikuja nyumbani mara mbili kumwomba baba nisiishie darasa la nne.

Baba, Salum Mbonde, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikiliza baraza. Alikuwa na gari la dizeli alilolipata kwa mlowezi mmoja wa mkonge, na siku anakabidhiwa lilikuwa tayari limezeeka. Kazi yake ilikuwa kuleta mihogo, machungwa na akina mama wa Kisarawe sokoni Kariakoo, na kuwarudisha. Sasa, Kisarawe huendi ila upande Pugu, na Pugu ndipo gari la baba lilipokuwa linatia aibu. Likifika kwenye mwinuko linakohoa, linatoa moshi mweusi, linasimama. Abiria wanateremka wanasukuma. Akina mama wazima, na kanga zao za kwendea mjini, wanasukuma gari walilolipia nauli. Wakalibatiza jina, "Shuka Tusukume." Watoto wa mtaa wakalidaka lile jina, na mimi nikapigana kwa ajili yake na Mwanaidi binti Pazi, akanitoa jino.

Basi Mwalimu Ndeshi alipokuja mara ya pili, baba alikuwa ametoka kusukuma. Matope mpaka magotini. Akamjibu kwa hasira, "Mwalimu, nitasomesha mtoto kwa gari lipi? Hili? Likipanda Pugu na mzigo bila kusukumwa, Mwajuma ataendelea darasa la tano. Mungu shahidi." Akaingia kuoga. Yeye aliona amefunga mazungumzo. Mama, aliyekuwa anapepea jiko, aliona amefungua.

Kesho yake asubuhi mama aliacha bagia zake, akatoka nje na kanga ya jikoni, akamwambia baba awashe gari. Akaenda nyuma, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi. Akazunguka, akainama karibu na injini, akaweka kiganja pale bomba linapoanzia, pale penye tundu dogo. Akakiondoa haraka, kimeungua. Akasema, "Baba Mwajuma, huku mbele linapumua kama fahali. Huko nyuma linapumua kama mgonjwa. Katikati pamejaa."

"Pamejaa nini?"

"Masizi. Jiko likijaa majivu chini, hata upepee mpaka bega ling'oke, mkaa unakufa. Gari lako halina njaa, Salum. Limefunga choo."

Wazee wa barazani walicheka mpaka Mzee Shomari akadondosha kofia. Fundi Rajabu wa Gerezani, ambaye ndiye alikuwa akilitibu gari miezi yote ile kwa kubadilisha hiki na kile, alicheka kuliko wote. "Shemeji," akasema, "haya mambo ya mafundi, huwezi kuyaelewa. Wewe tukaangie bagia."

Lakini baba alikuwa amechoka kusukuma. Jumanne akalipeleka Gerezani, mama akafuata nyuma, na mimi nikafuata nyuma ya mama. Fundi Rajabu akalikata lile bomba. Katikati lilikuwa na kipipa cha kuzuia kelele, na alipokipiga nyundo, masizi yalimwagika kama gunia la mkaa limepasuka. Mama aliniminya mkono.

Akatafuta bomba nene la lori bovu, akalichomelea bila kile kipipa. Tatizo, halikufika nyuma. Lilikuwa fupi kwa mikono miwili hivi. Akalipinda likatokea ubavuni, kushoto, kabla ya tairi la nyuma. Mama akauliza, "Fundi, moshi huo litautemea wapi?"

"Litautemea nje, shemeji. Ulitaka litemee ndani?"

"Kushoto ndiko kwenye baraza za watu. Ongeza kipande lifike nyuma."

"Shemeji, nguvu umezitaka, nguvu nimekupa. Sasa hata bomba litazame wapi nipangiwe na mwanamke?" Baba akatazama chini. Akasema tutaona mbele ya safari.

Alhamisi tulikwenda Kisarawe, mama kakaa mbele, mimi katikati. Tulipakia mihogo, magunia ya machungwa, na akina mama sita. Wakati wa kwenda, gari likiwa tupu, lilikuwa limeshapanda. Lakini hesabu ni kurudi na mzigo, na upande ule nao una kilima chake. Tulipokianza nilifumba macho. Nilisikia lile bomba likiunguruma chini ya miguu yangu, sauti nzito ambayo hatukuwahi kuisikia, na akina mama nyuma wakaanza kupandisha kanga zao kwa mazoea, tayari kuteremka. Hawakuteremka. Gari lilipanda, likapanda, likafika juu, na mama mmoja akapiga kigelegele, wakaitikia wote. Baba alicheka machozi yakamtoka. Akanishika kichwa, akasema, "Mwajuma, darasa la tano hilo." Mama alitazama nje dirishani. Aliumauma mdomo asicheke, lakini nilimwona.

Wenzangu, siku ile moja nilikuwa nayo. Hakuna aliyeweza kuniondolea.

Ijumaa baba alikwenda tena peke yake alfajiri, akarudi karibu na adhana. Wazee walikuwa wameshakaa barazani kwetu wakimsubiri waende msikitini pamoja, na habari za Pugu zilikuwa zimewafikia. Mnakumbuka Ijumaa za Kariakoo. Kanzu nyeupe zilizotiwa buluu ya kufulia, zimepigwa pasi ya mkaa, zinakwaruza mtu akitembea. Udi, halwaridi. Na Fundi Rajabu naye alikuwepo, katikati, kanzu mpya, anapokea pongezi. "Ufundi ni kichwa," anawaambia. Mama alikuwa mlangoni. Alimsikia.

Baba akasimamisha gari mbele ya baraza, ubavu wa kushoto ukiwaelekea wazee, hatua mbili tu. Angezima injini yangekuwa mengine. Lakini alitaka wasikie. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, mara moja, mara mbili.

Yale masizi ya miaka yote yaliyokuwa yamebaki ndani ya injini na kwenye lile bomba la lori yalitoka kwa pamoja. Moshi ulipoondoka, wazee walikuwa bado wamekaa vilevile, kama picha. Nitawataja, maana wanastahili: Mzee Shomari, Mzee Pazi, Mzee Kondo, Maalim Idi, Salehe Mwarabu wa duka la mkaa, Ramadhani Kibwana, na Fundi Rajabu mwenyewe. Kanzu saba. Salehe peke yake ndiye aliyecheka, maana yeye masizi aliyazoea.

Adhana ikaanza, na hakuna mwenye nguo ya kuswalia. Mzee Pazi akauliza kwa sauti ndogo, ile inayotisha, "Salum, kazi gani hii?" Na hapo Fundi Rajabu, ambaye kwake dakika moja kabla ufundi ulikuwa kichwa, akafuta macho, akasema, "Mimi sina kosa. Mimi nimefuata maneno ya shemeji. Bomba hili ni la Bi Tatu."

Nilimtazama baba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika kanga yake. Baba alikuwepo Gerezani, alisikia kila neno. Alitazama wazee saba, akamtazama mkewe. Akasema, "Ni kweli. Nilimsikiliza mwanamke."

Mzee Kondo akatikisa kichwa. "Na huyu mdogo unataka kumsomesha aje awe hivihivi?" Wakacheka, wamepona sasa, wamepata pa kuweka aibu yao. Baba naye akacheka. Akasema, "Hapana. Huyu la nne linamtosha."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokwisha shule yangu, kwa kicheko.

Mama alifua zile kanzu. Alipewa zote saba, kama adhabu, na hakubisha. Ndimu, sabuni ya kipande, maji ya moto, jua, tena ndimu. Masizi ya dizeli yana mafuta, hayatoki. Nilikaa naye uani siku tatu tukisugua mpaka ngozi za vidole zikatoka. Alizungumza mara moja tu, akiinua kanzu ya Mzee Shomari juani. "Hii," alisema, "haikuwa nyeupe hata kabla ya gari." Nikacheka, naye akaanza kulia, na mimi nikaacha kucheka.

Wiki iliyofuata Fundi Rajabu aliongeza kipande, bomba likafika nyuma, palepale mama alipoonyesha. Gari lilipanda Pugu miaka mingine mitano. Watu walitoka mpaka Magomeni kumletea Fundi Rajabu magari yao ya dizeli awafungulie pumzi, akajenga nyumba. Mama hakupanda tena lile gari hata siku moja. Akienda mazikoni Kisarawe alikwenda kwa gari la watu. Na amekufa watu wakimjua kwa bagia.

Mwalimu Ndeshi alikuja mara ya tatu. Baba alijificha chumbani, nikatumwa mimi niseme hayupo. Alinitazama, akanipa penseli, akaenda zake.

Sasa nasikia watu wa rika langu wakisema enzi zetu zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu, sikatai. Mtoto alikuwa wa mtaa mzima, mlango haukufungwa, bagia ilikuwa bagia. Siku hizi jirani akifa unamjua kwa kuona maturubai. Vijana wanakata mabomba ya magari ili wasikike, wakati sisi bomba lilikatwa ili akina mama wasisukume. Haya yote nitayasema mpaka nife, na Feisal anaweza kuziba masikio kama mimi ninavyoyaziba akiwasha gari lake.

Lakini hapa ghorofa ya chini yuko binti mmoja, Neema, wazazi wake ni Wachaga wenye duka Kariakoo. Anasomea ufundi wa magari. Jioni anarudi na ovaroli lina grisi mpaka kwenye kola, ananiambia, "Shikamoo bibi," namwitikia, "Marahaba mwanangu," na baba yake anampokea mkoba mlangoni mbele za watu, wala haoni haya. Watu wanadhani namtazama kwa furaha. Furaha ipo. Halafu napanda ngazi zangu taratibu, na kabla sijafika juu nimeshakasirika upya, kwa sababu kumbe ni jambo jepesi hivyo. Lilitaka mtu mmoja tu pale barazani aseme, "Mwacheni mama huyu, anajua." Na baba yangu alikuwa anajua kwamba anajua.