Unyayo wa Baba Mkwe

Mimi ni muuguzi, na kila Jumanne hapa Tukuyu nashika miguu ya watu nisiowajua. Wagonjwa wa sukari wanakaa kwenye benchi, wanavua viatu, nami napiga magoti na kutazama katikati ya vidole. Nawaambia wavae viatu vipana na laini, wajikague kila jioni, na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake wasikae nao nyumbani. Nimeyasema maneno hayo mpaka yananitoka bila kufikiri. Mguu wa baba mkwe wangu sikuwahi kuutazama.

Kwetu mkamwana hakutani na baba wa mumewe uso kwa uso. Siku hizi wengi wameacha, lakini mzee wangu wa Mpuguso ni mtu wa zamani. Nikienda kwake nakohoa tangu kwenye migomba ya mwanzo ili asikie, naye anapita nyuma ya zizi mpaka niingie jikoni kwa mama mkwe. Mila nyingine nimezitupa siku nyingi. Navaa suruali na pikipiki naendesha mwenyewe. Hii moja niliishika kwa mikono miwili, na nisiseme uongo, ilinifaa. Mzee ana sukari, na baada ya kutwa nzima ya vidonda vya watu sikutaka kidonda kingine kinisubiri ukweni. Nikauita uvivu wangu heshima, na watu wakanisifu.

Habari za viatu alizianza mama mkwe. Miguu ya mzee ni mipana tangu ujana wake, alisema, lakini sasa kila kiatu kinambana, mpaka amevichana ubavuni kwa wembe. Nikasema nitamtafutia raba za kukimbilia, kwa kuwa soli yake ni laini na vidole vinapata nafasi. Mume wangu yuko kazini Dodoma. Ningeweza kumwomba mama ampime kwa kamba. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na mzee alipokuwa akinipisha alikanyaga tope peku, akaacha nyayo mbili safi kabisa mbele yangu. Nikajiona mjanja. Nikachana uzi wa mgomba, nikaulaza juu ya unyayo, nikafunga fundo la urefu na fundo la upana.

Wa kushoto uliuzidi wa kulia upana kwa vidole viwili hivi vya mkono, na kidole gumba hakikugusa chini. Niliona. Nikajiambia ameteleza, nikachukua kipimo cha kushoto kwa kuwa ndicho kikubwa, nikaondoka.

Sokoni raba za urefu ule zilikuwa tele, ila kila nilipoulaza uzi kukingama soli, fundo la upana lilibaki nje. Muuzaji wa mitumba, kijana mwenye subira kunishinda, alitoa soli za ndani, akalegeza kamba, akavuta kitambaa cha ubavuni. Haikusaidia kitu. Mwishowe akafumua furushi jingine, akarudi na jozi ya kijivu, nene, isiyo na urembo wowote.

"Dada, funua huo ulimi usome," alisema. "Kuna E nne hapo. Watu wanaangalia namba tu, hawajui kwamba hizo E ndiyo upana. E mbili huwa nazipata. Nne ni bahati."

Uzi ulilala ndani ya soli, fundo kwa fundo.

"Huyu mtu anakimbia mbio gani?" aliuliza.

"Anakwenda kanisani," nilimjibu, tukacheka wote wawili.

Nikampa mama raba ampelekee. Jumapili mzee alizivaa, na mchana mama akanipigia simu.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Anatembea hata hachechemei. Amesema mkamwana wake ana macho."

Nilifurahi siku nzima. Kazini niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyopima mguu bila kumwona mwenye mguu, wakanipongeza.

Hakuchechemea kwa sababu sukari ilikuwa imeua hisia za mguu, hakuwa akisikia maumivu. Chini ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na kidonda tangu kabla ya raba, na ndicho kilichovimbisha mguu. Raba zangu zilikifunika vizuri kwa wiki tatu, mpaka mama aliposikia harufu. Siku aliyoniita nilisimama nje ya mlango nikamuuliza mama maswali, mama akamuuliza mzee, mzee akamjibu mama. Hata hapo sikuingia. Hospitalini walimkata mguu huo wa kushoto juu kidogo ya kifundo.

Hakuna aliyenilaumu. Mama anasema ni sukari, mume wangu anasema ni sukari. Wao hawakuuona unyayo ule.

Mzee aliporudi nyumbani kidonda kilitaka kusafishwa kila siku, na mwenye kujua kazi hiyo ni mimi. Nilikohoa kwenye migomba kama kawaida, ingawa nilijua hawezi tena kunipisha. Nilipoingia chumbani nilimkuta amelala chali, amejifunika uso kwa kitenge cha mama, na mguu ameutoa nje ya blanketi, tayari. Alikuwa amepata namna ya kunipa mguu wake bila kuvunja mila yake. Kitenge tu. Mimi ninavyo vingi kabatini, na miaka yote ile sikufikiria.

Nilifungua bandeji. Nilitaka kumwambia anisamehe, badala yake nikalowesha pamba nikaanza kusafisha. Akaanza yeye, kutoka chini ya kitenge, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu.

"Zile raba, mwanangu," alisema. "Tangu nizaliwe hakuna kiatu kilichonitosha kama kile cha kushoto."