Kikombe Anachokiweka Chini Khitam

Saa nne asubuhi ya Alhamisi, Khitam Salman anapokea kikombe cha kahawa chungu, anakitazama, kisha anakiweka chini mbele ya goti lake. Hakinywi.

Mwenye nyumba, Abu Miteb, amekaa upande wa pili wa baraza, birika la shaba ubavuni. Anajua maana yake. Hapa milima ya Karak, kusini mwa Jordan, mgeni akikiweka kikombe chini bila kuonja ana haja, na hatakunywa mpaka aambiwe haja yake imekubaliwa.

"Kunywa, binti yangu, inapoa," anasema mzee.

"Acha ipoe, ami."

"Alhamisi iliyopita ulisema hivyo hivyo. Utanipa jina baya, wageni wanatoka kwangu na kiu."

"Jina baya umeshapewa. Na aliyekupa nilimleta mimi."

Anasema hayo kwa sauti ya chini, kwa hasira.

Khitam, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ni mhoji. Wasomi wanaoandika kuhusu siasa na maisha ya nchi za Kiarabu wanakuja na maswali yao: kwa nini watu wanapiga kura kwa ukoo, kwa nini vijana wanaingia barabarani mafuta yakipanda bei, mtu asiyeliamini bunge anamwamini nani. Milango ya kuuliza maswali hayo anaifungua Khitam. Ana shahada ya uzamili ya elimu ya jamii, na kazi hii ameifanya miaka kumi na sita. Kila mahojiano humpatia dinari kumi na tano, kazi ikiwapo. Isipokuwapo, anafundisha watoto wa jirani masomo ya jioni.

"Usije ukaandika kwamba nasema utafiti ni upuuzi," anamwonya mwandishi wa makala haya. "Nani atatueleza sisi, magazeti yenu?"

Masika ya mwaka juzi alimleta Daktari Rim Qasabji, mhadhiri wa chuo kimoja cha Ulaya. Wazazi wake ni watu wa Syria, na Kiarabu anakizungumza bila kigugumizi. Abu Miteb, mwanajeshi mstaafu anayeuza chakula cha kondoo, alikataa kuhojiwa. Khitam akarudi, akakataliwa tena. Mara ya tatu akaweka kikombe chini.

"Kunywa, umepata ulichokijia," mzee akasema siku hiyo.

Khitam akanywa. Naye akatoa neno lake: hakuna atakayejua ni nani aliyesema.

Basi mzee akafunguka. Alisema wakubwa wa ukoo wake wanakwenda serikalini kwa jina la ukoo mzima, na wanarudi na ajira za watoto wao wenyewe. Hakuwahi kuwaambia hayo usoni.

Kitabu kikatoka. Daktari alibadilisha jina la mzee na jina la mji. Lakini akaandika pia kwamba mzee huyo, baada ya kila jibu, aliwapa kahawa kwa mkono wa kushoto.

Huku kahawa hutolewa kwa mkono wa kulia. Anayekupa kwa kushoto amekutukana, na una haki ya kunyanyuka ukaenda zako. Katika milima yote hii ni mtu mmoja tu anayetoa kwa kushoto na hakuna anayenuna, kwa sababu vidole vyake vya kulia vilibaki kwenye mashine ya kusaga mawe.

"Angepiga picha ya uso wake akaibandika mlangoni mwa msikiti, ingekuwa afadhali," anasema Khitam. "Picha unaweza kuikana."

Kijana wa ukoo anayesoma ng'ambo alikisoma kitabu, akautafsiri ukurasa ule, akaurusha kwenye kundi la ukoo la simu. Kufika Ijumaa, baraza la Abu Miteb lilikuwa tupu. Watu aliokula nao tangu utotoni wakampa kisogo. Kilichouma zaidi kikaja baadaye, na hakikumpata yeye.

Mwanawe Miteb, fundi umeme, alikuwa amekubaliana na familia moja ya Tafila. Msichana yuko tayari, baba mtu kaashiria ndiyo. Kilichobaki ni ujumbe wa posa: wakubwa wa ukoo waende wote, mkubwa wao aweke kikombe chini, aombe binti, ajibiwe, wanywe. Mmoja mmoja wakakataa kwenda. Huyu mgongo unamuuma, yule ana safari. Baba wa msichana akauliza kama kijana huyu hana watu.

"Kitabu chenyewe kinauzwa mshahara wangu wa wiki," anasema Miteb, akiwa amesimama mlangoni. "Sijakinunua, dada Khitam, sijakisoma, na kimenitilia mchanga kitumbua changu. Na mimi mwenyewe simo hata ndani yake."

Khitam alimpigia simu daktari siku ile ile ukurasa uliposambaa. Mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno, na anayarudia kama mtu anayetafuna changarawe.

"Nilibadilisha jina, Khitam, nikabadilisha mji. Kamati ya maadili ya chuo ilipitisha kila kitu."

"Kamati yenu inatoa kahawa kwa mkono gani?"

"Ilikuwa sentensi nzuri tu. Nilitaka wasomaji wamwone yule mzee."

"Wamemwona."

Alipopigiwa na gazeti hili, Daktari Qasabji alisema anasikitika sana, na kwamba sentensi ile itaondolewa kitabu kikichapishwa upya. Khitam akiambiwa hivyo anacheka kicheko kikavu. Miteb asubiri kuoa mpaka kitabu kiishe madukani, nani kasikia maneno kama hayo?

Haja anayoileta kila Alhamisi ni moja. Anataka wazee wa upande wa baba yake waende kwa wakubwa wa ukoo wa Abu Miteb, wakiri kwamba siri ilivujia mkononi mwa Khitam, wawaombe wamsindikize kijana Tafila. Abu Miteb ndiye hataki.

"Niombewe msamaha kwa maneno ya kweli?" anauliza mzee. "Ajira hawakugawana?"

"Waligawana, ami. Sikuombi uyarudishe. Maneno ni yako. Njia yaliyotokea ni yangu, na aibu ya njia niachie mimi."

Khitam anatoa simu na kusoma barua aliyoletewa asubuhi. Daktari Rim yuko tayari kupanda ndege, aje akae na wazee hao, naye akiri kosa. Mwishoni anauliza kama ataruhusiwa kurekodi kikao, maana mapatano ya namna hii yatafaa sana kwa utafiti wake ujao.

Miteb anasonya.

"Nimeshamjibu," anasema Khitam, na sasa sauti imempanda. "Aje mikono mitupu. Bila kalamu, bila mashine, bila simu. Akae sakafuni na sisi, aweke kikombe chini, asijue kama atajibiwa. Asipoweza, abaki huko huko na kamati yake, sisi tutakwenda bila yeye."

Abu Miteb anamtazama kijana wake pale mlangoni. Kisha anainama, anakichukua kikombe kilichopoa, anakimwaga, anamimina kingine. Anamnyooshea Khitam kwa mkono wa kushoto.

"Waite watu wa baba yako, waje Alhamisi ijayo, waende kwa wakubwa. Maneno yangu sirudishi hata moja. Kunywa, umepata ulichokijia."

Khitam anakunywa mpaka tone la mwisho. Machozi yanamtoka, na hayafuti.

Wakubwa wa ukoo wanaweza kukataa, na yeye anajua. "Wakikataa, nitaweka kikombe chini kwao pia," anasema. "Nataka nimwone Miteb ameoa. Halafu ndiyo nitafikiria kama nitamfungulia tena msomi mlango."

Wakati wa kuaga, mwandishi anamuuliza mzee atajwe kwa jina gani gazetini, au atafutiwe jingine.

"Andika langu hilo hilo," anasema Abu Miteb. "Mkono mmeshauandika."